Kodi Iliyokataliwa Huhamia Wapi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kupinga Kodi

Kila ikikaribia tarehe 30 Juni, meza yangu hapa Mombasa karibu na Marikiti hujaa watu. Wamekuja kujaziwa ritani za KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, lakini kabla sijafungua kompyuta wanataka kwanza kutoa dukuduku. Wenye vibanda, madereva wa tuktuk, makarani wa bandarini, kina mama wa Kongowea, wote wana maswali yanayofanana. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu yangu, ili aliye kwenye foleni asome akisubiri zamu yake.

Kupinga kodi si ndiyo kukataa kulipa?

Hapana. Waliojaa barabarani Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha wengi wao walikuwa walipaji wa siku nyingi, ila hawakuwahi kupewa risiti inayowaambia hivyo. Mama anayekaanga viazi karai jioni huenda hana hata PIN, namba ya mlipakodi, lakini amelipa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 ndani ya mafuta ya uto, na kila akinunua salio analipa ushuru wa bidhaa na VAT juu yake. Ukimwambia halipi kodi unamtukana.

Anayekwepa hufanya kwa siri na hataki kelele. Anayepinga anataka asikike. Kwa hivyo ukiona mtu anapiga kelele juu ya kodi, mara nyingi huyo ndiye asiye na pa kujificha.

Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa na nini hasa mpaka nchi ikasimama?

Serikali ilikuwa inatafuta takriban shilingi bilioni 346 zaidi. Humo mlikuwa na VAT ya asilimia 16 kwenye mkate, kodi ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka isiyopungua shilingi 5,000, ushuru wa asilimia 25 kwenye mafuta ya kupikia, na kupandisha ushuru wa kutuma pesa kwa simu kutoka asilimia 15 hadi 20. Tena kulikuwa na tozo ya mazingira iliyogusa nepi, simu na vitu vingine vinavyoagizwa kutoka nje.

Tarehe 18 Juni kamati ya bunge ilitangaza kuondoa baadhi ya hayo, mkate, gari na mafuta ya kupikia yakiwemo. Kwa hesabu za kisiasa za zamani, hapo watu wangepoa. Hawakupoa. Tarehe 25 Juni wabunge 195 waliupitisha dhidi ya 106 waliokataa, na alasiri hiyo hiyo waandamanaji wakaingia ndani ya Bunge. Kesho yake Rais William Ruto akasema hatautia saini. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilihesabu zaidi ya watu 60 waliouawa katika maandamano ya miezi ile. Mimi siwezi kuandika habari ya asilimia bila kuiweka hesabu hiyo kando yake.

Hapa Mombasa vijana walitoka pia, wakarudi tena mwanzoni mwa Julai na makuti mkononi, tarumbeta za plastiki na ngoma. Mgeni angedhani ni arusi, mpaka asikie yanayoimbwa.

Mkate tu? Shilingi kumi ndiyo ya kufanyia vurugu?

Boflo la shilingi 65, asilimia 16 yake ni kama shilingi 10. Nyumba inayokula maboflo mawili kwa siku ingeongeza shilingi 600 na ushei kwa mwezi. Kwa anayelipa kodi ya chumba Kisauni hiyo ni pesa.

Lakini liko jambo la ndani zaidi ambalo wengi hawaelezwi. Mkate wa kawaida hutozwa VAT ya sifuri, na sifuri si sawa na kusamehewa. Mwenye tanuri anayeuza bidhaa ya sifuri huweza kudai arudishiwe VAT aliyolipa kwa vitu alivyonunua kwa ajili ya kazi. Aliyesamehewa hawezi kudai, basi huificha ndani ya bei. Kwa hiyo ukisikia mbunge anasema bidhaa fulani "imesamehewa," usipige vigelegele kabla hujauliza ilikuwa wapi mwanzo.

Haya si mambo ya Jenzi na simu zao tu?

Jenzi, vijana wa kizazi cha Gen Z, wamekuja na simu. Ugomvi wenyewe waliukuta.

Kodi ya nyumba ililetwa na Waingereza mwaka 1901, ikafuatiwa mwaka 1910 na kodi ya kichwa. Haikuwa ya kujaza hazina pekee. Ilidaiwa kwa fedha taslimu, na asiyekuwa nazo alilazimika kuzitafuta kwenye shamba la mzungu au kwenye kazi za serikali. Kodi ilitumika kama kamba ya kumvuta mtu atoke kwake. Ndiyo maana huko Giriama, kaskazini mwetu hapa, mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alipita kijiji baada ya kijiji na ngoma ya kifudu akiwaapisha watu wasitoe vijana wao wala kutii amri zile. Alikamatwa akapelekwa Kisii, akatoroka, akarudi kwa miguu. Mwaka 1914 Waingereza wakalipua Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, kwa baruti.

Machi 1922, Nairobi, watu walikusanyika kudai Harry Thuku aachiliwe. Alikuwa amesema wazi juu ya kodi kupandishwa huku mishahara ikipunguzwa, na juu ya kipande, kitambulisho ambacho Mwafrika alilazimishwa kubeba. Polisi walifyatua risasi, wakafa watu wasiopungua 21, akiwemo Mary Muthoni Nyanjiru aliyewasuta wanaume kwa woga wao.

Nayataja haya kwa sababu ya kitu kimoja. Mara zote mbili kodi ilikuja imefungwa pamoja na dharau. Dharau ndiyo iliyowatoa watu nje, na mwaka 2024 haikuwa tofauti: waheshimiwa walioonekana na saa na mikanda ya bei mbaya huku wakituambia tujikaze waliichochea hasira kuliko asilimia yoyote.

Mswada ulipoondolewa, si tulishinda?

Tulishinda mswada. Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na jibu langu huwaudhi watu.

Kodi iliyokataliwa haifi, huhama. Matumizi ambayo ingeyagharimia yamebaki pale pale, na deni la taifa, ambalo limepita trilioni 10, halikuandamana likarudi nyumbani. Tarehe 5 Julai 2024 Rais alisema pengo lile la bilioni 346 litazibwa kwa kupunguza matumizi bilioni 177 na kukopa bilioni 169. Tarehe 8 Julai shirika la Moody's, linalopima uwezo wa nchi kulipa madeni, likashusha daraja la Kenya kutoka B3 hadi Caa1, likisema uwezo wa serikali wa kupunguza nakisi umedhoofika. Daraja likishuka, anayekukopesha hutaka riba kubwa zaidi, na riba italipwa na nani kama si kodi ya kesho?

Sasa tazama ilivyohama. Katikati ya Julai 2024, wiki tatu tu baada ya mswada kuangushwa, tozo ya ukarabati wa barabara ilipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Wengi hawakuiona, maana bei ya pampu mwezi huo haikupanda. Dereva wa tuktuk anayenunua lita 6 kwa siku, akifanya kazi siku 26, ametoa zaidi ya shilingi 1,000 kwa mwezi kupitia nyongeza hiyo peke yake. Oktoba ikaja bima ya afya mpya ya asilimia 2.75 ya mshahara wote. Aliyekuwa akipokea 100,000 akikatwa 1,700 za NHIF, bima ya zamani, sasa anakatwa 2,750. Desemba zikatiwa saini sheria za kodi zilizorudisha baadhi ya mambo ya mswada ule kwa mlango wa nyuma, na tozo ya maendeleo ya reli kwa bidhaa zinazoagizwa ikatoka asilimia 1.5 hadi 2. Mwaka wa fedha uliofuata KRA ikakusanya trilioni 2.571, kutoka trilioni 2.407 za mwaka uliotangulia.

Je, ina maana maandamano yalikuwa bure? Sisemi hivyo. Baraza la mawaziri lilivunjwa, na mswada wa 2025 ulikuja kwa adabu zaidi. Kile kifungu cha kuiruhusu KRA kuchungulia taarifa binafsi za watu na siri za biashara kiliondolewa na kamati yenyewe. Ninachosema ni kwamba tulikuwa tumelinda mlango, na dirisha lilikuwa wazi.

Wanasiasa wanaopinga kodi, wanapinga kweli?

Mpinzani huichukia kodi mpaka siku anayokabidhiwa funguo za hazina.

Mwaka 2018 VAT ya asilimia 16 kwenye mafuta ilizua kelele, ikapunguzwa hadi 8. Waliokuwa serikalini wakati ule ni pamoja na aliyekuwa naibu wa rais, ambaye ndiye rais wa leo, na sheria yake ya fedha ya 2023 ndiyo iliyoirudisha kwenye 16. Mwaka huo huo wa 2023 Azimio, muungano wa upinzani chini ya Raila Odinga, iliwaita watu barabarani juu ya gharama ya maisha. Kufikia Agosti 2024 vigogo wanne wa ODM, chama cha Raila, walikuwa mawaziri: John Mbadi akapewa Hazina ya Taifa yenyewe, na gavana wetu wa zamani Hassan Joho akapewa madini na uchumi wa bahari.

Simlaumu mtu kwa kukubali kazi. Lakini kwa mpiga kura wa Mvita au Likoni matokeo ni haya: chama ulichokitegemea kikukemelee kodi sasa ndicho kinachokueleza kwa nini inahitajika. Ndiyo sababu mojawapo vijana walisema wazi mwaka ule kwamba hawataki kiongozi wala kabila wala chama. Walikuwa wameshaona sinema hiyo.

Mahakama haziwezi kutuokoa?

Mara nyingine zinaweza, kwa muda. Tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 ilitangazwa kuwa kinyume cha Katiba na Mahakama Kuu Novemba 2023, kwa sababu kadhaa, mojawapo ikiwa kwamba iliwabagua wenye mishahara. Machi 2024 Bunge likaitungia sheria mpya, na makato yakaendelea. Sheria nzima ya Fedha ya 2023 ilifutwa na Mahakama ya Rufaa tarehe 31 Julai 2024. Mahakama ya Juu ikaifufua tarehe 29 Oktoba.

Kuna watu walinijia Agosti ile wakitaka kurudishiwa pesa zao. Niliwaambia wangoje. Walinuna.

Kodi ya mauzo ya asilimia 3 mbona inauma kuliko jina lake?

Kwa sababu inahesabiwa juu ya mauzo wala haijali faida. Inamhusu mwenye mauzo kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, na mwaka 2023 ilipandishwa kutoka asilimia 1.

Chukua duka la rejareja Majengo linalouza bidhaa za 150,000 kwa mwezi. Unga, sukari na sabuni havina faida kubwa. Tuseme asilimia 5, yaani 7,500. Asilimia 3 ya mauzo ni 4,500. Zaidi ya nusu ya jasho lake limekwenda. Jirani yake mwenye saluni, mauzo hayo hayo, faida asilimia 40, anatoa 4,500 zile zile kutoka kwenye 60,000 na hata haumii. Na ukipata hasara? Unalipa vile vile.

Matokeo yake nayaona mezani kwangu. Watu hugawa duka moja kwa majina mawili, huuza bila kuandika, hukataa kupokea malipo kwa simu ili pasiwe na rekodi. Kodi iliyokusudiwa kuwaingiza wadogo kwenye mfumo inawafukuza. Kama ningeulizwa, na siulizwi, ningeirudisha kwenye asilimia 1 kesho asubuhi.

Serikali ikipandisha kodi si hupata pesa zaidi?

Mpaka kiwango fulani. Ibn Khaldun, mwanachuoni wa Tunis aliyefariki 1406, alishaliona hili: dola ikiwa changa hutoza kidogo ikapata kingi, ikizeeka hutoza kingi ikapata kidogo, kwa sababu watu hukata tamaa ya kufanya kazi. Wachumi wa Marekani walikuja kulichora kwa mstari uliopinda karne nyingi baadaye.

Mifano haiko mbali. Uganda Julai 2018 ilianza kutoza shilingi 200 za kwao kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii. Watu wakajifunza njia za kuizunguka, na mwaka 2021 ikaachwa, badala yake ikawekwa asilimia 12 kwenye bando. Imehama, sivyo? Tanzania iliweka tozo ya miamala ya simu Julai 2021 na ndani ya miezi miwili ikaipunguza kwa asilimia 30. Ghana ilianza na asilimia 1.5 mwaka 2022, ikashuka hadi 1, na mwaka 2025 ikaifuta kabisa.

Kodi ya pesa za simu ina ubaya wake maalumu: mtu anaweza kurudi kwenye noti. Akirudi kwenye noti, serikali imekosa ushuru na imekosa pia kuona biashara yake. Hapa kwetu kodi ya pombe ikipanda, wanywaji hawaendi msikitini. Wanashuka daraja, wanakwenda kwenye mnazi.

Huko nje wenzetu wakipinga hushinda?

Uingereza, Machi 1990, kodi ya kichwa iliyotozwa kila mtu mzima kiasi kile kile bila kujali mali ilileta ghasia London, na kabla ya mwaka kwisha Margaret Thatcher alikuwa ameondoka. Ufaransa, mwishoni mwa 2018, wenye vizibao vya manjano waliifanya serikali iache kupandisha kodi ya mafuta.

Mfano unaonivutia zaidi ni California. Mwaka 1978 wapiga kura walipitisha kwamba kodi ya nyumba na ardhi isizidi asilimia 1 ya thamani, na thamani hiyo isipandishwe zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka mali iuzwe. Wenye nyumba wa siku nyingi walifurahi. Miji ikageukia ada za huduma na kodi za mauzo. Na majirani wawili wenye nyumba pacha wakawa wanalipa viwango mbalimbali kabisa, kwa sababu mmoja alinunua zamani na mwingine juzi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mafuta yanateremshwa hapa Kipevu. Mbona hatuyapati rahisi?

Kwa sababu unachookoa ni usafiri tu, shilingi chache kwa lita ukilinganisha na Nairobi. Kodi na tozo ni zile zile nchi nzima, na VAT huhesabiwa baada ya ushuru kuongezwa, yaani kodi juu ya kodi. Meli ikitia nanga mbele ya macho yako haikupunguzii kitu.

Watu pia husema tozo za bandarini zinafukuza mizigo ya Uganda iende Dar es Salaam. Hapo tutenganishe. Tozo ya reli na ushuru wa forodha huwaangukia wanaoagiza kwa matumizi ya Kenya. Mzigo wa kupita hautozwi huo. Mzigo wa kupita hukimbizwa na kucheleweshwa na ada za kuhifadhi makasha. Kilichoiumiza Mombasa zaidi, kwa maoni yangu, ni ile amri ya kupeleka makasha Nairobi kwa reli, iliyofanya magereji na mahoteli ya madereva kuanzia Changamwe hadi Mariakani kufunga. Haikuitwa kodi, lakini mji ulitozwa.

Na kaunti nayo? Kanjo, askari wa kaunti, kila siku ana risiti mpya.

Kifungu cha 209 cha Katiba kinairuhusu kaunti kodi ya mali isiyohamishika, ya burudani, na nyingine yoyote itakayoruhusiwa na sheria ya Bunge, pamoja na ada za huduma inazotoa. Ada bila huduma unaweza kuihoji.

Mombasa tuna kisa chetu. Sehemu nyingi za mji mtu anamiliki nyumba ya Kiswahili bila ardhi iliyo chini yake, na analipa kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi. Kaunti ikipandisha kodi ya ardhi, bili inakwenda kwa mwenye ardhi, naye anaishusha kwa mwenye nyumba, naye anaishusha kwa mpangaji wa chumba. Kwenye vikao vya kutoa maoni utamkuta mwenye ardhi au wakili wake. Mpangaji yuko kazini.

Nikitaka kupinga kwa njia halali nianzie wapi?

Anza Februari, usingoje Juni. Kufikia tarehe 15 Februari Hazina hupeleka bungeni taarifa ya sera ya bajeti, na hapo ndipo ukubwa wa matumizi huamuliwa. Makadirio na Mswada wa Fedha hufuata kufikia mwisho wa Aprili. Tunapokuja kugombana Juni juu ya mkate, tumeshakubali kwa kunyamaza matumizi yatakayoudai mkate huo.

Kutoa maoni kwa maandishi bungeni ni bure. Kuandamana ni haki chini ya kifungu cha 37, bila silaha, na sheria inataka polisi waarifiwe siku 3 hadi 14 kabla.

Na nikikataa kujaza ritani kama njia ya kugoma?

Faini ya kuchelewa kwa mtu binafsi huanzia shilingi 2,000, hata kama huna mapato na ulipaswa kujaza sifuri tu. Ukidaiwa kodi yenyewe, kuna asilimia 5 ya adhabu na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Mgomo wako utakuwa umewachangia. Njoo na kitambulisho na PIN, na ukiweza usije tarehe 30, siku hiyo mtandao huwa mzito na mimi huwa mkali.